Penalti Iliyobaki Bukiriro

Klabu yetu ya Radi FC, ya hapa Bisibo, haimo katika ligi yoyote. Haimo daraja la kwanza, la pili wala la tatu. Daraja pekee tunaloweza kujivunia ni lile la magogo la kuingilia uwanjani, nalo mvua hulibeba kila mwaka, timu ngeni zikavuka zimeshika viatu mkononi. Kombe hatuna. Jezi tunazo, ila si za rangi moja. Kilichobaki ni historia, na historia yetu yote ni mechi moja tu.

Ninyi wa nyumbani mnaijua hata mkiamshwa usingizini, lakini kwa faida ya walioolewa hapa juzi, ilikuwa hivi. Zamani Radi walipanda lori wakaenda Bukiriro, wilaya ya Ngara, kucheza na Migomba FC. Zawadi ya mshindi ilikuwa beberu. Wakiwa wamefungana bao moja kwa moja, dakika za mwisho kabisa, Migomba wakapata penalti. Golini alikuwa Masanja, mjomba wangu, mdogo wake mama. Mpigaji akapiga, Masanja akaruka, akaudaka mpira kwa mkono mmoja, na Migomba wakaona aibu kiasi cha kuukimbia uwanja wao wenyewe, wachezaji, mashabiki na mwamuzi. Radi wakamfungua beberu, wakarudi wakiimba. Beberu akaliwa, ngozi yake ikawambwa ngoma, na ngoma hiyo ndiyo tunayoipiga kila mechi, hata zile tunazofungwa tukahesabu kwa vidole vya mikono miwili.

Tangu siku hiyo Mjomba Masanja amekula kwa penalti. Harusini anakaa meza ya mbele kwa sababu ya penalti. Akichelewa mkutano wa kijiji, anasogezewa kiti kwa sababu ya penalti. Alipooa, wakwe walimpunguzia ng'ombe mmoja wa mahari, wakisema haiwezekani kumtoza bei kamili mtu mwenye mikono kama ile.

Mwaka huu klabu ikaamua kufanya sherehe, na mimi Leokadia, mwalimu wa Kiswahili na katibu wa klabu kwa kosa la kuwa na mwandiko unaosomeka, nikaagizwa niandike historia ya kusomwa siku hiyo. Nikajitia usomi. Nikasema historia ya upande mmoja ni porojo, lazima niende Bukiriro niwasikie na walioshindwa, kisha niwaalike waje turudiane. Mwenyekiti akapiga makofi. Nikatazama nikaona Mjomba hapigi.

"Safali ni ndefu," akasema. "Na balidi ya kule si ya mtu mwenye mwili mwembamba."

Mimi si mwembamba hata kwa kusingiziwa. Nikamwambia nitakwenda. Alipoona sirudi nyuma, akasema basi atanisindikiza, wale watu wasije wakanidanganya, na tubebe ngoma wakaione. Mjomba anatoka katika zile familia zilizohamia kwetu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na kwake herufi r ni mgeni ambaye hajawahi kukaribishwa ndani.

Alfajiri ya Jumamosi ya likizo tukaondoka Bisibo. Bodaboda ilitufikisha Biharamulo mjini nikiwa nimekumbatia ngoma, Mjomba amenikumbatia mimi, na vumbi limetukumbatia sote. Alikuwa amevaa koti lake la mikutano. Tukanywa chai kwa maandazi, muuza chai akauliza hiyo ngoma ni ya kanisa gani, na Mjomba akamsimulia penalti. Chai tukanywa bure.

Lusahunga tulifika jua likiwa limeanza kuuma. Pale njia panda malori ya kwenda Rwanda na Burundi yamepanga foleni, madereva wanakula nyama ya kuchoma asubuhi asubuhi kama watu wasio na mama. Dereva mmoja wa Dar es Salaam, mwenye lori la saruji, akakubali kutupakia mbele kwa sharti kwamba tumsimulie hadithi asisinzie. Alikuwa hajui alichokiomba. Toka Lusahunga mpaka unapoingia msitu, Mjomba alidaka penalti mara tatu.

"Mzee," dereva akauliza, "mpigaji alikuwa wa mguu gani?"

"Kulia."

Tulipopita Nyakahura, nyani wamekaa kando ya barabara wakingoja ndizi za abiria, dereva akauliza tena, nadhani kwa ajili ya kupigana na usingizi tu. Safari hii mpigaji alikuwa wa kushoto, na mkono uliodaka nao ukabadilika. Mimi ni mwalimu, nimesahihisha insha nyingi za watoto waliokuwa hawamo katika safari wanayoisimulia. Moyoni nikaweka alama nyekundu.

Benaco tukashuka, tukampungia dereva, tukapata gari dogo la kwenda Ngara. Huko ardhi yote ni milima, mmoja nyuma ya mwingine, migomba imepanda mpaka juu, na mtu wa Biharamulo aliyezoea tambarare hujikuta anashika kiti kila kona. Baridi ilikuwepo kweli, katika hilo Mjomba hakudanganya.

Ngara mjini tukapata bodaboda ya kijana aitwaye Sospeta, mzaliwa wa Bukiriro, aliyetupakia mishikaki: yeye mbele, Mjomba katikati, mimi nyuma, na ngoma mgongoni mwangu kama mtoto. Hakutupeleka moja kwa moja. Alituzungusha mpaka Kirushya, akisema ana maharage ya shemeji yake ya kuchukua, na shemeji yake hakuwepo, na ufunguo ulikuwa kwa jirani, na jirani alikuwa shambani. Tulipewa ndizi mbivu tukangoja. Katika kungoja, Sospeta akaniuliza tunamfuata nani Bukiriro.

"Migomba FC," nikajibu. "Sisi ni Radi ya Bisibo."

Akaacha kufunga gunia. Akamtazama Mjomba kuanzia viatu mpaka kofia.

"Radi? Radi yenyewe? Huyu siyo yule kipa?"

"Ndiye mwenyewe," Mjomba akasema, akajinyoosha koti.

"Jamani," akasema Sospeta, "mmechelewa sana." Akapanda pikipiki, gunia la maharage akaliacha pale pale mlangoni pa shemeji yake, na njia nzima hakusema neno jingine.

Saa tisa hivi tukateremka mlima wa mwisho na kuingia Bukiriro. Mjomba akaomba tusimame. Akashuka, akanivua ngoma, akaitundika begani, akaanza kuipiga ule mdundo wetu wa ushindi, huku akipaza sauti, "Ladi imeludi! Ladi imeludi!" Nilitamani migomba inifunike. Watu wakatoka majumbani, wengine na majembe, wengine na watoto mgongoni. Nilitegemea matusi, au angalau kicheko. Hakuna aliyecheka. Walisimama wakitutazama kwa makini, kama watu waliopokea mzigo wakawa wanahakikisha kwamba ndio wenyewe.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikata mkungu akaweka panga chini, akaja. "Mwiriwe, karibuni," akasema. "Mimi Velediana, mke wa Gervasi." Nikampa shikamoo, akaitikia, lakini macho yalikuwa kwa Mjomba. "Baba, bado unaona vizuri?"

"Naona."

"Kuinama unaweza?"

"Mama, kwani nimekuja kupalilia?"

"Basi nimwite Gervasi mapema. Asije akasema nimewaficha."

Nyumbani kwao tulipewa ndizi za kupika na maharage, na Mjomba akapewa pombe ya ndizi ambayo hakuigusa, jambo nililoliona kwa macho yangu mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mwenye nyumba akaingia amevaa viatu vya mpira vya shambani. Mzee mrefu, goti la kulia limekaza kidogo.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Akaketi mkabala na Mjomba. Wakatazamana muda mrefu hata nikaanza kula kwa sauti ya chini. "Umezeeka," akasema hatimaye.

"Na wewe pia."

"Mimi nilikuwa nakungoja. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Gervasi akanigeukia mimi, akaeleza kwa utaratibu kwamba yeye ndiye mpigaji, na kwamba ile penalti bado haijapigwa.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa wenyeji kwa wageni. Velediana hakucheka, Sospeta pale mlangoni hakucheka, na Mjomba alikuwa akiikagua ndizi sahanini kana kwamba imeandikwa kitu.

"Haijapigwaje?" nikauliza. "Si ilidakwa?"

"Na nani?" akauliza Gervasi, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Sitawasimulia kwa maneno yangu, maana hayangefaa. Alisema hivi:

"Siku ile baba yangu alikuwa mgonjwa, humu humu ndani. Ndiye aliyekuwa mlezi wa Migomba. Yule beberu wa zawadi alimtoa yeye, akatuambia tukacheze, tusikae kumlinda kama yai. Nilipouweka mpira pale kwenye alama, kaka yangu akaja akaninong'oneza kwamba baba hayupo. Kwetu, enzi zile, mwenye mji akifa ng'ombe wakiwa malishoni, halii mtu mpaka ng'ombe warudi zizini. Habari inapita sikio kwa sikio. Anayeambiwa anaweka chini alichoshika, anakwenda. Haagi. Mimi nikauacha mpira, nikaenda. Mwamuzi akaambiwa, akaenda. Uwanja mzima ukaenda."

Akamtazama Mjomba. "Wewe ulibaki golini umetanua mikono. Ukaniita. Ukasema, 'Umeogopa! Umeogopa!'"

Nikajua hapo hapo kilichotokea, na ninyi mmeshajua. Kwetu Bisibo mtu akifa, yowe linasikika vijiji viwili, hata kunguru wanahama. Radi walipoona timu nzima inatoka kimya kimya, bila kuaga, mashabiki nyuma yao, wangewaza nini? Wakasema jamaa wamekimbia. Wakamfungua beberu wa marehemu, wakapanda lori.

"Lori lenu lilipita hapa nje," Velediana akaongeza. Alikuwa bibi arusi mpya mwaka ule. "Mlikuwa mnaimba. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mwili, haruhusiwi kulia bado. Akasema, afadhali, hata kama sisi tumenyamaza kuna wanaomwimbia."

Akacheka kidogo aliposema hivyo. Mimi nikaiweka sahani chini.

Ngoma ilikuwa imeegemezwa ukutani. Tangu aingie, Gervasi alikuwa hajaitazama. Sasa akanyoosha mkono, akaivuta, akapapasa ukingo wake ambapo nywele za ngozi bado zipo, nyekundu, zenye kidoa cheupe. Alikipapasa kile kidoa kwa kidole gumba.

"Huyu alikuwa na tabia mbaya sana," akasema. "Alikula kofia ya padri."

Jioni, kabla jua halijazama, Sospeta akanipeleka kuuona uwanja. Goli moja lilikuwa la kawaida. La pili, lile la upande wa mlima, nguzo zake za mkaratusi zilikuwa zimebadilishwa mara nyingi lakini hazijahamishwa hata shubiri. Akaniambia kwamba katika goli lile Migomba hawapigi penalti. Ikitokea, mwamuzi anaombwa ipigwe goli la upande wa pili, kwa sababu goli hili lina penalti ya mbele kwenye foleni. Waamuzi wengine hukasirika, na timu za kata nyingine husema ni ndumba. Nikauliza kwa nini mtu mwingine asingeipiga wakamaliza.

"Mwalimu, kwetu jembe lililowekwa chini kwa msiba haliokotwi na mwingine. Aliyeliacha ndiye analirudia baada ya kuondoa matanga. Mzee Gervasi alirudi. Matanga yalipoondolewa alikuja hapa akasimama na mpira. Golini hapakuwa na mtu."

"Mbona hamkutuma habari Bisibo?"

Akanitazama kwa huruma ambayo mwanafunzi humwonea mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni. "Mfiwa haendi kuomba pole."

Nilimkuta Mjomba nyuma ya nyumba, amekaa juu ya shina la mgomba lililoangushwa. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, mpwa au si mpwa. Aliniwahi.

"Sikujua kuhusu msiba," akasema. "Hilo nakuapia. Tulidhani wamekimbia."

"Na kudaka?"

Akavua kofia, akaikunja. "Tulipoondoka hapa hakuna mpila uliopigwa, na kila mmoja ndani ya loli alijua. Tulipofika Nyakahula, nilikuwa nimeupangua kwa ngumi. Lusahunga nikaudaka kwa mikono miwili. Bihalamulo wakatuuliza, mkono ukabaki mmoja. Wenzangu walinisaidia, mpwa wangu. Si kazi ya mtu mmoja ile." Akaikunjua kofia tena. "Nilimwita mwoga. Baba yake amelala ndani, mimi namwita mwoga. Na ng'ombe wa mahali nikapunguziwa."

Nilimhurumia, nasema kweli, na nikaona hasira vilevile, kwa sababu lilikuwa jina la ukoo wetu na historia yote ya klabu iliyokuwa ikivuja pale kama gunia la mtama. Nikamwambia tunaweza kuondoka asubuhi na mapema. Nikamwambia hata nitakachoandika tutakiangalia.

"Tukiondoka bila kuaga," akasema, "itakuwa mala ya pili."

Jumapili, baada ya misa, ambayo Mjomba alihudhuria ingawa kanisani huonekana kwenye harusi tu, akamwendea Gervasi mbele ya watu akasema anaomba kupelekwa kaburini. Tukaenda migombani. Kaburi lilikuwa safi, limezungushiwa mawe. Mjomba akapiga magoti na koti lake la mikutano, akaiweka ngoma juu ya majani makavu.

"Poleni kwa msiba," akasema. "Tumekuja kuhani. Tumechelewa kidogo."

Kuna mtu nyuma alikohoa ili asicheke, kisha mwingine, kisha Velediana akashindwa kabisa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na machozi hayakukoma kicheko kilipokoma. Gervasi akaipokea pole. Akaiokota ngoma, akampa mkewe aipeleke ndani.

Kisha akasema, "Haya. Twende tukamalize."

Uwanjani palijaa kuliko mechi yoyote niliyowahi kuiona Bisibo. Mpira uliazimwa shuleni. Gervasi akavua viatu vya shambani, maana siku ile alicheza peku, akauweka mpira mahali penyewe bila kupima. Mjomba akavua koti, akanikabidhi. Golini alionekana mdogo sana. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba ataufungulia njia, akubali bao, Radi ihesabiwe kushindwa, deni liishe. Naona hata yeye aliamua hivyo, maana alisimama kama mtu anayengoja basi.

Gervasi aliliona. Akatembea mpaka golini, akamwambia kwa sauti ya kusikika na wote, "Usiniachie. Mimi sikungoja miaka yote hii nipewe sadaka. Ukiniachia nitajua, na itarudiwa."

"Nikiidaka je?"

"Utakuwa umeidaka."

Mjomba akabadilika uso. Akapiga hatua moja mbele, akakunja magoti kadiri yalivyokubali, akatanua mikono. Nadhani ndivyo alivyosimama siku ile, ila mdomo wake safari hii ulikuwa umefungwa. Gervasi hakurudi nyuma sana, goti halikuruhusu. Akapiga.

Alipiga kwa nguvu ambayo mguu ule haukuwa na haki ya kuwa nayo. Mjomba hakuruka, alianguka, ubavu mzima, kama gunia linaloshushwa na wapagazi wavivu. Mpira ukamgonga kiwiko, ukapanda, ukapita juu ya mwamba wa goli, ukaingia kwenye maharage ya watu.

Alibaki chini. "Nimeidaka?" akauliza.

"Hukuidaka," Gervasi akasema, amesimama juu yake. "Imekugonga."

"Lakini haikuingia?"

"Haikuingia."

Gervasi akampa mkono amwinue, lakini goti na ubavu havikushirikiana, wakaanguka wote wawili. Wakabaki wamekaa katika lile goli kama watoto waliotoroka shule, Mjomba akilia waziwazi, Gervasi akimpiga piga mgongoni na kumwambia basi, basi, msiba umekwisha. Velediana aliendelea kuwatukana wote wawili kwa Kihangaza mpaka sauti ikamkauka. Mchana huo ikapigwa penalti nyingine katika goli lile, na nyingine, kila mtoto wa Bukiriro akitaka yake. Bado mpaka tunaondoka foleni ilikuwa ndefu.

Jumatatu asubuhi tukarudi. Ngoma haikurudi. Mwaliko wa kuja kurudiana niliutoa, nao wakaukubali, ila Gervasi akasema waje kwanza watu wa Bisibo kunywa pombe ya kuondoa matanga, mpira baadaye. Mgongo wangu ulikuwa mwepesi na nikajisikia vibaya kwa wepesi ule.

Lori lililotupakia Benaco lilikuwa na dereva msemaji. Alituuliza tunatoka wapi, tumefuata nini. Nilimngoja Mjomba. Tulipita Nyakahura, nyani wale wale, hakusema. Tulipita Lusahunga tukabadili gari, hakusema. Biharamulo, yule muuza chai akatukumbuka, akaleta wageni wengine waje wamsikie mzee wa penalti. Mjomba akalipia chai yake.

Mimi njiani nilikuwa nikipanga maneno ya kuandika. Nilitoka Bisibo nikiamini historia ni kitu unachokwenda kukichukua kwa aliyeshindwa. Sasa najua kwamba hatukuwahi kumshinda mtu yeyote, mechi yetu ni sare ya moja kwa moja, na mtu anaweza kubeba ngozi ya msiba wa wenzake maisha yake yote akidhani ni ushindi wake, hasa kama ina mlio mzuri. Lakini nilikuwa na kitu kimoja mfukoni. Penalti haikuingia. Nilishuhudia mwenyewe. Ule uongo wa Mjomba ulikuwa umegeuka kweli, au kweli ya kutosha kwa sherehe ya klabu isiyo na ligi, na nilikuwa tayari kuutetea.

Jioni tukafika Bisibo. Mlikuwa mmekusanyika pale kwenye daraja la magogo, mnakumbuka, klabu nzima na mashabiki, mnaimba ule wimbo wa Masanja na mkono wake mmoja. Mwenyekiti akatupokea kwa mbio.

"Ngoma iko wapi?"

"Imeludi kwao," Mjomba akasema.

"Na penalti? Wamekiri?"

Nikafungua mdomo niseme kwamba sasa ameiokoa kweli, mbele ya macho yangu. Mjomba akanishika mkono, akaubana, nikafunga mdomo.

"Tulifiwa," akasema.

"Nani kafa?"

"Siku ile, Bukililo. Baba wa mtu alikufa, na sisi tukapita mlangoni pake tukiimba. Kaeni chini."

Mwenyekiti akanitazama, nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akakaa palepale kwenye majani. Waliokuwa karibu wakakaa. Waliokuwa nyuma hawakusikia, wakaendelea kuimba na kupiga makofi, na hakuna aliyewapigia kelele wanyamaze. Habari ikapita sikio kwa sikio, na kila aliyeambiwa akanyamaza na kuketi, wimbo ukapungua mtu kwa mtu, mpaka ikabaki sauti moja tu kule mwisho, ya mtu aliyefumba macho kwa raha. Naye jirani yake akamwinamia, akamnong'oneza.

Akavua kofia, akakaa.